Chuo Kikuu Kinapotaka Kuona Kalamu Nyekundu ya Mwalimu

Kila Januari, matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, yakishatangazwa, makundi ya WhatsApp ya wazazi wa Nairobi huwaka moto. Katikati ya maswali ya alama za klasta (kundi la masomo ambayo kozi inayadai) na mikopo ya HELB, siku hizi hujipenyeza na hili: ni kweli kwamba vyuo vya ng'ambo humpokea mtoto kwa kuangalia kazi zake za darasani badala ya matokeo ya mtihani? Mzazi mmoja hujibu kwamba ndiyo, binamu yake alienda Marekani hivyo hivyo. Wa pili husema hiyo ndiyo potifolio ya CBC, yaani faili ya kazi za mwanafunzi katika mtaala mpya, kwa hivyo watoto wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 wameachwa nje. Wa tatu hutuma namba ya wakala mwenye ofisi ghorofani pale Moi Avenue, ambaye "hutengeneza potifolio nzuri" kwa ada.

Jibu la kwanza lina chembe ya ukweli. La pili limechanganya mambo. La tatu ni la kukimbia, na nitaeleza kwa nini.

Tutenganishe kwanza vitu vitatu ambavyo watu huvitia kwenye kapu moja.

Kuna faili ya CBC, ile inayowafanya wazazi waende saiba saa mbili usiku kuchapisha picha na kununua manila. Humo mwanafunzi huweka kazi za miradi, na mwalimu huitumia kufanya tathmini ya shuleni. Alama za tathmini hiyo hupelekwa KNEC, baraza la mitihani, kupitia mtandao wake. Kwa mwanafunzi wa Gredi ya 9, alama za mwisho za KJSEA, tathmini ya kumaliza sekondari ya chini, zimegawanywa hivi: asilimia 60 kutoka kwa mtihani wenyewe, asilimia 20 kutoka kwa tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 20 kutoka kwa KPSEA, tathmini ya kumaliza msingi, ya Gredi ya 6. Zinazosafiri ni alama. Faili yenyewe, pamoja na gundi na manila yake, hubaki shuleni au nyumbani. Hakuna chuo kikuu kinachoisubiri.

Kuna pia jalada la sanaa: michoro, picha, michezo ya kuigiza iliyorekodiwa, ramani za majengo. Hilo huombwa na vyuo vya sanaa na ubunifu, na mara nyingi halihitaji alama ya mwalimu hata moja. Tuliache hapo.

Kitu cha tatu ndicho chenye utata: kazi ya kawaida ya darasani, kwa kawaida insha, ambayo mwalimu ameisahihisha, akaipa alama, na ikiwezekana akaandika maoni pembeni. Chuo humwomba mwanafunzi akitumie karatasi hiyo kama ilivyo, na alama zake nyekundu juu. Kazi zenyewe si lazima ziwe nyingi. Mara nyingi ni moja tu.

Kwa nini chuo kikubwa kijisumbue na insha ya kidato cha tatu? Mtu akitaka kumpa fundi wa Kenyatta Market kitenge chake cha harusi, hatosheki na cheti kilichoning'inizwa ukutani. Huchukua gauni ambalo fundi huyo tayari amelishona, akaligeuza upande wa ndani, akaangalia mishono. Insha ya maombi ya chuo, ile ya kueleza maisha na ndoto, ni upande wa nje wa gauni. Imepigwa pasi. Imepitiwa na dada, na mjomba mhariri, na mshauri wa shule, na sasa huenda imepitiwa na programu ya akili mnemba pia. Insha iliyosahihishwa darasani ndiyo mishono ya ndani. Inaonyesha unaandika vipi ukiwa na mwalimu wako wa kawaida, wiki ya kawaida, bila kujua kwamba kuna mtu wa Marekani atakayeisoma.

Wazo hili lina historia ya karibu. Mwaka 2014 chuo cha Goucher, kilichoko Maryland, Marekani, kiliwaruhusu waombaji kutuma video ya dakika mbili pamoja na kazi mbili za shule, angalau moja ikiwa ni maandishi yaliyosahihishwa na mwalimu. Hakikudai orodha ya alama za shule, barua za mapendekezo, wala matokeo ya SAT, mtihani wa kuomba vyuo vya Marekani. Nadhani hapo ndipo ile habari ya "wanachukua kazi za darasani badala ya mtihani" ilipopatia miguu. Habari ilivuka bahari, ila ile sehemu ya kwamba ni chuo kimoja kidogo ikadondoka njiani.

Mkondo mkuu ulikuwa mwingine. Wakati huo SAT ilikuwa na sehemu ya insha, na vyuo kadhaa viliidai. Mwaka 2018 Princeton, chuo kikuu maarufu cha huko huko Marekani, iliacha kuidai sehemu hiyo, ikaomba badala yake insha moja iliyosahihishwa shuleni. Miaka mitatu baadaye insha ya SAT yenyewe ikafutwa kwa waombaji wa kawaida. Angalia vizuri kilichobadilishwa na nini: insha ya darasani ilichukua nafasi ya insha ya mtihani mmoja wa Marekani. Haikuchukua nafasi ya matokeo ya shule.

Princeton hupendelea insha ya somo la Kiingereza, historia au sayansi ya jamii, iliyoandikwa katika miaka mitatu ya mwisho ya sekondari. Iwe ya kueleza na kuchambua. Hadithi na mashairi hawayataki. Ukurasa mmoja au miwili unatosha. Alama ionekane, na mwongozo wa kusahihisha unaweza kuambatanishwa. Amherst, chuo kingine cha Marekani, nao wana insha ya ziada yenye njia mbalimbali, na mojawapo ni kutuma karatasi iliyosahihishwa katika miaka miwili ya mwisho ya sekondari, yenye hoja iliyojengwa kwa ushahidi. Wao hukataa waziwazi ripoti za maabara, shajara, kazi za kubuni na insha zilizoandikwa papo hapo darasani. Vyuo vyote viwili huwapokea wanafunzi wa nje bila kuangalia kama wana uwezo wa kulipa, na ndiyo sababu majina yake hayakosi midomoni mwa watahiniwa bora wa Kenya.

Uingereza, Oxford huomba maandishi ya shule kwa baadhi ya kozi kama Historia na Kiingereza: yasizidi maneno 2,000, yawe yametokana na masomo ya kawaida, na yawe yamesahihishwa na mwalimu. Wengi wanaopitia njia hiyo kutoka Nairobi ni wanafunzi wa shule za mitaala ya kigeni, A-level au IB, kwa sababu KCSE peke yake haitoshi kuingia huko. Wao huandika insha ndefu kila muhula, kwa hivyo shida yao ni kuchagua tu.

Shida iko kwa mwanafunzi wa KCSE, na hapa ndipo ningependa tukae kidogo.

Insha ipi hasa?

Mwanafunzi wa kidato cha nne anaandika sana. Lakini jiulize anaandika nini. Katika Historia, swali la insha husema taja sababu tatu, kisha eleza matokeo sita. Mwalimu hupita akitia vema kila hoja anapoiona, mwisho anajumlisha. Ni kazi nzuri ya kumbukumbu na mpangilio, lakini mtu wa ofisi ya udahili Princeton akiisoma ataona orodha. Katika karatasi ya tatu ya Kiingereza kuna insha ya kubuni, na hiyo ndiyo ambayo wanafunzi wengi hukimbilia, kwa kuwa ndiyo iliyosomwa mbele ya darasa na kupigiwa makofi. Ni kazi ya kubuni. Haifai.

Inayofaa imejificha katika karatasi hiyo hiyo ya tatu: insha ya kitabu teule. Pale mwanafunzi anapewa kauli kuhusu riwaya au tamthilia, anatakiwa aitetee kwa ushahidi wa matini. Mgawanyo wa alama zake 20 unajulikana na kila mwalimu wa Kiingereza: utangulizi 2, hoja nne za alama 3 kila moja, lugha 4, hitimisho 2. Ukiutazama mgawanyo huo kwa jicho la mgeni, ndio hasa "hoja iliyojengwa kwa ushahidi" ambayo vyuo vile vinaitafuta. Kila wiki walimu wa Nairobi wanasahihisha marundo ya insha za namna hii, na wanafunzi wanazitupa kwa kuwa "ni za mazoezi tu".

Bado kuna kikwazo kwa Amherst, wasiotaka insha ya papo hapo. Insha nyingi za kitabu teule huandikwa kwa saa, mwalimu akiwa mbele ya darasa. Aliyepewa ya kwenda kuandika likizoni au wakati wa maandalio ya usiku yuko salama. Asiye nayo achague njia nyingine katika fomu yao, ambayo inahesabika sawa. Fasihi ya Kiswahili nayo ina maswali ya uchambuzi mazuri kabisa, lakini msomaji wa ofisi ya udahili hawezi kuipima lugha asiyoijua. Kwa kazi hii, tuma ya Kiingereza.

Kumi na nne kwa ishirini

Hofu inayosumbua zaidi ni hii: "Mwalimu alinipa 14. Niitume kweli? Si wataniona mjinga?"

Hofu hiyo ina msingi. Katika shule nyingi za Marekani, asilimia 70 ni C, na mwanafunzi wa C haombi Princeton. Lakini katika utaratibu wa KNEC wa kusahihisha insha za Kiingereza, kuanzia 16 kwenda juu ni kundi la A, 11 hadi 15 ni kundi la B, na 14 iko kwenye B ya juu. Mwalimu anayetoa 18 ni nadra kama mvua ya Agosti jijini. Kwa hivyo 14 ya shule ya Kenya na asilimia 70 ya shule ya Boston ni vitu viwili tofauti, na anayesoma hawezi kujua hayo asipoambiwa.

Aambiwe vipi? Kwa kuambatanisha mwongozo wa kusahihisha, na kwa waraka mfupi wa shule. Shule nyingi za Marekani zina maelezo ya ukurasa mmoja kuhusu shule yenyewe: wanafunzi wangapi, mitihani gani, alama zinapangwaje, A inaanzia wapi. Shule zetu nyingi hazina waraka huo, lakini hakuna kinachomzuia mwalimu mkuu au mwalimu mshauri kuuandika mara moja na kuutumia miaka yote. Mwalimu anayejaza ripoti ya shule kwenye Common App, fomu ya pamoja ya kuomba vyuo vya Marekani, anaweza kueleza mle mle kwamba darasani mwao, kati ya wanafunzi hamsini na kitu, alama ya juu kabisa ya insha hiyo ilikuwa 15. Sentensi hiyo moja inafanya kazi kubwa kuliko barua tatu za sifa.

Ningeenda mbali zaidi: kama una insha mbili, moja ya 16 yenye vema tupu na nyingine ya 13 ambayo mwalimu ameandika pembeni "hoja hii unaihamia kabla hujaimaliza" na "ushahidi uko wapi?", mimi ningetuma ya 13. Chuo kinataka kuona jinsi unavyofundishwa na kiwango cha mwalimu wako. Insha yenye maoni makali na alama ya wastani inasema shule yako haigawi alama kama njugu. Wapo washauri watakaonipinga hapa, na kama tofauti ni ya 17 na 11 nitakubaliana nao.

Maoni yenyewe, lakini, ni bidhaa adimu. Mwalimu mwenye mikondo minne ya watoto hamsini hana muda wa kuandika aya pembeni mwa kila insha. Anaweka vema, anaweka duara kwenye kosa la tahajia, anajumlisha, anatia sahihi. Hiyo inakubalika. Mwanafunzi anayejua mapema kwamba atahitaji karatasi ya aina hii anaweza kumwendea mwalimu na kumwomba kwa adabu: mwalimu, hii ningependa uniandikie unavyoiona. Wengi hukubali, na wengine hufurahi kwamba kuna mtoto anayejali kitu kisichokuwa jumla ya alama.

Usiipige pasi

Sasa turudi kwa wakala wa Moi Avenue. Anachouza ni kuchukua insha yako, kuichapa upya kwa kompyuta, kurekebisha makosa, kuipa alama ya A kwa kalamu nyekundu, na kuipiga muhuri. Anaharibu kile kile kinachotafutwa. Zaidi ya hapo, ni kughushi, na barua ya kukubaliwa inaweza kufutwa hata baada ya mwanafunzi kupanda ndege.

Karatasi ya daftari iliyokunjika, yenye mistari ya buluu na mwandiko wa Bic, haina aibu. Iskani ilivyo. Kama mwandiko ni wa kusumbua macho, unaweza kuweka nyuma yake nakala iliyochapwa, neno kwa neno, makosa yakiwa palepale, na uandike kwamba ni nakala. Ya asili itangulie daima.

Jambo lile lile linahusu alama zinazotolewa baadaye. Kumpelekea mwalimu insha mpya leo aisahihishe leo ni halali, mradi iwe kazi ya somo na tarehe ionyeshe leo. Kumwomba aandike tarehe ya mwaka juzi si halali.

Kuhusu imani kwamba kazi za darasani zinafuta mtihani, hali imeelekea upande mwingine. Wakati wa korona vyuo vingi vya Marekani viliacha kudai SAT na mtihani mwenzake, ACT, lakini MIT ilizirudisha mwaka 2022, na mwaka 2024 zikafuata Dartmouth, Brown na Harvard. Insha iliyosahihishwa huongezwa juu ya rundo: alama za kidato cha kwanza hadi cha nne, KCSE, SAT inapodaiwa, barua za walimu, insha binafsi. Nyumbani mambo ni mepesi zaidi kueleza. KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, hupanga wanafunzi kwa alama za KCSE na klasta ya kozi, C+ ikiwa kiwango cha chini cha shahada, na hakuna mahali pa kupakia insha. Darasa la kwanza la mtaala mpya litamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028. Kabla ya hapo, anayekuuliza faili ya CBC itamsaidiaje mtoto wa kidato cha nne kuingia Chuo Kikuu cha Nairobi, mjibu kwamba haimsaidii chochote.

Limebaki suala la kalenda, na ndilo linalowakwaza wengi. KCSE huisha Novemba na matokeo hutoka Januari. Maombi ya kawaida ya Princeton hufungwa tarehe 1 Januari, na ya mapema tarehe 1 Novemba. Kwa hivyo wanafunzi wengi wa Kenya, wakiwemo wale wanaosaidiwa na mipango ya waombaji kama KenSAP au ule wa benki ya Equity, husubiri matokeo, hufanya SAT, kisha huomba mwaka unaofuata. Kutoka siku ya karatasi ya mwisho hadi kuripoti chuoni Agosti hupita karibu miaka miwili. Kufikia wakati fomu inapouliza insha iliyosahihishwa, madaftari yameshauzwa kwa kilo na yanafungia mandazi Kawangware. Mwalimu amehamishwa na tume ya walimu, TSC, hadi kaunti nyingine. Karatasi za mock, mtihani wa majaribio, zilizokuwa stoo zimechomwa kupisha za darasa lililofuata.

Picha ya simu inatosha kuzuia hilo: kurasa zote, alama ionekane, tarehe ionekane, itumwe kwenye barua pepe ambayo hutasahau nywila yake. Aliye kidato cha tatu sasa anaweza kufanya hivyo wikendi hii kwa insha mbili au tatu za kitabu teule. Aliyemaliza na hana kitu aanzie kwa mwalimu wake wa Kiingereza, popote alipohamia, kwa sababu baadhi yao huhifadhi insha za mfano za wanafunzi wao wa zamani ili kuzisoma kwa darasa jipya. Akikosa hapo, ofisi za udahili hujibu barua pepe, na EducationUSA katika ubalozi wa Marekani, Gigiri, hutoa ushauri bila malipo. Aulize kabla ya Septemba, siyo usiku wa tarehe 31 Desemba.